Vifaru vya Mateka Kwenye Beseni

Mama yangu alitoka kwenye milango ya uwanja wa ndege wa Arlanda amejifunga leso juu ya koti la kuazima, na kabla sijafungua mdomo mume wangu akamkumbatia. Akamkumbatia hasa, mikono yote miwili, na kumpigapiga mgongoni vile Waswidi wanavyofanya wakimpenda mtu. Mama akakauka. Macho yake yakanitafuta juu ya bega la yule mwanamume mrefu, na nikaona humo ndani swali ambalo hakuna binti anayetaka kuulizwa: kwani hukumwambia?

Nilimwambia, jamani. Nilimwambia kwamba kwetu Uluhyani mama mkwe na mkwe hawashikani mikono, hawali meza moja, hawatazamani usoni. Mkwe akitokea huku, mama anachepukia kule. Wala si chuki, ndiyo heshima yenyewe, na kadiri mnavyokwepana ndivyo mnavyopendana. Aliitikia kwa kichwa, akasema ameelewa, akanirudishia hata kwa maneno yake mwenyewe. Halafu mama akatokea mlangoni, furaha ikamzidi, kwisha. Nilivuta sanduku nyuma yao masikio yakiwaka moto, na njia nzima hadi nyumbani kwetu Hjulsta hakuna aliyesema neno isipokuwa yeye, akimwonyesha mama theluji.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili. Nilikuwa na mimba kubwa, ya kwanza, katika umri ambao watu wa nyumbani walikuwa wameshaacha kuuliza. Hapa Stockholm mambo ya kuzaa yamepangwa, siwezi kudanganya: mkunga wako, miadi yako, hata darasa la akina baba lipo. Lakini mimi nilitaka kitu kimoja tu, na nilikitaka kama mtoto mdogo: siku ile ikifika, niwe nimeshika mkono wa mama yangu. Kwa ajili hiyo mama alikubali kulala chini ya paa la mkwewe, jambo ambalo kijijini lingemtia midomoni mwa watu mpaka azikwe. Aliimeza mila yake kama mtu anavyomeza kwinini, na nilimwona akiimeza.

Basi tukajipanga. Mama alikaa jikoni, mume wangu sebuleni, na mimi katikati na tumbo langu nikibeba sahani. Mama alioga mkwe akishaenda kazini. Akisikia ufunguo mlangoni, alikuwa ameshaingia chumbani na kufunga. Mume wangu alidhani anaogopwa. Alikuwa akisimama nje ya mlango uliofungwa akitabasamu, akisema "Mambo, mama!" kwa Kiswahili chake cha likizo ya Mombasa, na mimi nilitamani ardhi ipasuke. Mama mkwe unamwambia mambo?

Chumba tulichompa mama kilikuwa kile cha mtoto. Tulikuwa tumekipaka rangi ya maziwa na kuweka kitanda kidogo cha mbao. Lakini kabla ya mimba kilikuwa chumba cha vifaru, na vifaru bado vilikuwa humo, vimejipanga kwenye rafu juu ya kile kitanda cha mtoto.

Mume wangu alikuwa fundi wa lifti. Akitoka kwenye lifti za watu anakula, anaosha mikono, anakaa mezani na kibano, gundi na miwani ya kukuzia, kuunda vifaru vya plastiki vya vita ile kuu ya pili. Na hapa angeshanisahihisha: si vifaru, ni mizinga ya kujiendesha. Ugomvi huo tulikuwa nao miaka. "Ina minyororo, ina bomba la kurushia moto, imevaa chuma mwili mzima," nilimwambia. "Kwetu hicho ni kifaru." Yeye angeshusha miwani. Kifaru kina kichwa kinachozunguka, alisema. Hiki kichwa chake kimeondolewa, juu kimechomelewa sanduku la chuma lisilozunguka, mzinga unatazama mbele tu, na ukitaka kulenga sharti ugeuze gari zima. "Basi ni kama wewe ukiumwa shingo," nikamwambia, na alicheka mpaka kibano kikaanguka.

Aliyoipenda zaidi ya yote ni ile iliyojengwa juu ya chasisi ya mateka, yaani mwili wa kifaru kilichotekwa kwa adui. Warusi, kwa mfano, walikuwa wakikuta vifaru vya Wajerumani vimeachwa kwenye tope, vizima au nusu uzima. Wanavivuta hadi karakana, wanakata kichwa, wanapachika mzinga wao wenyewe, wanapaka rangi yao ya kijani, na kuvirudisha kumpiga yule yule aliyevitengeneza. Nilipomwambia hiyo kwetu ni jua kali tu, kwamba Kenya nimepanda basi lenye injini ya lori na viti vya kanisa, alifurahi kama nimempa zawadi. Aliwasimulia wenzake wa chama chao cha waunda vifaru, wazee wa makamo wanaokutana kulinganisha kutu.

Wacha niseme vile ilivyokuwa: nilimwonea aibu. Wakenya wenzangu wakija chai, kila mtu na sifa za mumewe, huyu injinia, huyu wa kompyuta, huyu anamalizia udaktari wa vitabu, na wangu, mtu mzima mwenye mvi kifuani, anapaka tope gari la plastiki kwa brashi ya nywele tatu. Nilifunga mlango wa kile chumba na kusema ni stoo. Mmoja aliwahi kuufungua akitafuta choo. Alitazama rafu, akanitazama, akasema, "Kumbe mmeshaanza kumnunulia mtoto!" na mimi nikacheka naye. Mtoto mwenyewe hakuwepo hata kwenye ndoto.

Lakini kuna siku moja, Jumamosi, nilimletea kahawa, nikamkuta ameshika kile alichokuwa akikiandaa kwa maonyesho ya chama chao majira ya kuchipua. Mzinga wa Warusi kwenye chasisi ya Wajerumani. Alikuwa amekaa nacho msimu wote wa baridi. Akanionyesha mahali ubavuni, padogo kama punje ya dengu, ambapo rangi ya kijani ilikuwa kama imekwanguka na chini yake inachungulia rangi ya kijivu. "Hii ndiyo kazi yenyewe," akasema. Ile kijivu ni ya Wajerumani. Mtu akiiona tu anajua gari hili lilikuwa la nani kabla.

Halafu akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Baba yake alikuwa mtu wa reli huko kaskazini. Vita vikipigwa, Uswidi haikuwa upande wowote, ndivyo wanavyofundishwa shuleni. Lakini mawe ya chuma yalichimbwa huko kwao, yakapakiwa kwenye mabehewa, yakapita hadi bandarini, yakaenda kwa Wajerumani. Baadaye hata askari wa Kijerumani wenyewe walipitishwa kwa treni. Baba yake alisimama kwenye reli na bendera mkononi, akiyaruhusu. Nyumbani kwao hakuna aliyelisema hilo hadi mzee akafa. "Chuma cha hiki," mume wangu akasema akigusa ile punje ya kijivu, "pengine kilipita mbele ya baba. Hawa Warusi angalau walikigeuza." Akawa mwekundu hadi shingoni, akaomba sukari, na yeye hatumii sukari.

Nilimpa sukari akaweka kwenye kahawa, akainywa hivyo hivyo. Tangu hapo nilipopita kwenye kile chumba nilikanyaga polepole, ingawa aibu ya mbele ya watu haikuniisha.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama yangu hakungoja kupewa. Mimi nilikuwa bado nafanya kazi ya kuwatunza wazee majumbani, huko Tensta, kwa saa chache tu maana miguu ilikuwa imevimba. Mama alibaki peke yake. Siku ya kwanza akapiga pasi mapazia. Ya pili akasugua sufuria zetu mpaka nikaona uso wangu ndani. Sikumkataza, mama mwenye mikono mitupu ni mgonjwa. Na kuhusu vile vitu vya kwenye rafu hakuniuliza neno, kwa sababu vitu vya mkwe haviulizwi.

Ile siku niliporudi, nilimsikia akiimba nikiwa bado kwenye ngazi. Nilifurahi. Nikavua viatu, nikaifuata sauti hadi balkoni, na hapo nikaona taulo kubwa nyeupe limetandazwa juani, na juu yake vifaru vya mume wangu vimepangwa kwa ukubwa, vinameta.

"Nimekufulia mitumba ya mtoto," mama akasema.

Sikuelewa mara moja. Nilitazama lile beseni la plastiki pembeni, maji yamegeuka uji wa kahawia. Humo kulikuwa na mswaki wa zamani na povu la sabuni ya unga. Vilikuwa vimeelea vidude vidogo: kijingazi, kijikoleo, vipande vya mnyororo. Mama alikuwa ameketi kwenye stuli, leso imelowa magotini, uso wake umetulia kwa ile raha ya mtu aliyemaliza kazi ya kweli.

"Vilikuwa vichafu, mwanangu, sijapata kuona," akaendelea. "Tope hadi kwenye magurudumu. Kutu! Mtoto angevitia mdomoni. Najua baba yake amevinunua vya mkono wa pili, si vibaya, hata nyinyi niliwavalisha mitumba. Lakini mtumba hufuliwa kwanza. Hukumwambia hivyo?"

Nani asiyejua mtumba hufuliwa kwanza? Mtu yeyote wa kwetu, akikuta magari machafu ya plastiki juu ya kitanda cha mtoto ambaye bado hajazaliwa, angefanya nini? Nilikitafuta kile cha Warusi. Kilikuwa mwisho wa mstari, kisafi kama sahani. Rangi ya kijani ilikuwa imechubuka mabaka mabaka, tope lote la msimu wa baridi limekwenda, na ile punje ya dengu ubavuni sikuiona tena. Mama alidhani ni doa, akalikazania.

Nikafungua mdomo, na ufunguo ukalia mlangoni. Mama akaruka kama msichana, akapita jikoni, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Niliachwa mimi na taulo.

Mume wangu alitoka hadi balkoni akiwa na kofia ya kazi kichwani. Alitazama. Akainama, akakiokota kile cha Warusi kwa vidole viwili, akakigeuza ubavu, akakirudisha pale pale kwenye mstari, akakinyoosha kisikae upande. "Ingen fara," akasema. Si neno, hakuna shida. Waswidi wakisema hivyo uso ukiwa mweupe namna ile, shida ipo na imekaa kitako. Akavaa viatu akaenda kutembea, na alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini.

Mama alikuwa amechungulia kwenye tundu la kufuli. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Vile vitu ni vya nani?"

"Vya mume wangu, mama."

"Anauza?"

"Hauzi."

"Sasa ni vya nini?"

Sikuwa na Kiluhya cha kueleza. Nilianza kusema ni sanaa, nikasema ni historia, nikaishia kusema anavitengeneza mwenyewe kwa mkono, na lile tope alilipaka yeye, kwa brashi, ule ndio ulikuwa ufundi wenyewe. Nilijisikia ninavyosema na nikaona haya mara mbili: haya ya mume anayepaka uchafu kwa makusudi, na haya ya mama aliyeusafisha. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akaweka kiganja kinywani.

"Nimemvua mkwe wangu nguo," akasema.

Usimcheke. Kwake haikuwa methali. Ameingia nyumba ambayo hakupaswa kulala, akashika vitu ambavyo mkwe alivitengeneza kwa mikono yake, akaviacha uchi juani majirani wakiona. Alianza kukunja leso zake pale pale. Nilimsihi, nikalia, nikamwonyesha tumbo. Aka! Alikuwa ameshafunga. "Siwezi kulala hapa," alisema, "mpaka yaishe."

Kwa bahati tulikuwa na mama mmoja wa kanisani, Mkongo, mtu wa Bukavu, aliyekuwa na nyumba Rinkeby na moyo mkubwa kuliko hiyo nyumba. Nilimpigia simu nikilia. "Lete mama," akasema. "Akuye hapa kwangu, nafasi iko. Na weye acha kulia, utamuzaa mutoto mwenye huzuni." Tukapanda treni ya mstari wa buluu, mama ameshika kifurushi chake mapajani, Hjulsta, Tensta, Rinkeby, na vituo hivyo viwili vilikuwa safari ndefu kuliko ndege iliyomleta.

Kwetu mwenye kosa hatumi maneno, anatuma kuku. Kuku mzima aliyepikwa vizuri, na firigisi yake imewekwa juu, kwa sababu firigisi ni ya mwenye nyumba. Akila, yamekwisha, hakuna mtu atakayeyarudia. Asipokula, bado. Mama hawezi kumpelekea mkwe mwenyewe, kwa hiyo yule mama Mkongo alifunga sufuria kwa kitenge akaja nayo hadi mlangoni kwetu. Mimi nilikuwa bafuni. Nilisikia kengele, nikasikia Kiswidi cha mama Mkongo, kisha sauti ya mume wangu, tamu, ya upole: ahsante sana, lakini haina haja, kwa kweli haina haja kabisa, mwambie mama asijisumbue. Mlango ukafungwa taratibu.

Nilitoka na taulo, nikakimbilia ngazi na lile tumbo. Mama Mkongo alikuwa ameshafika chini, sufuria mikononi. Akainua uso akanitazama.

"Amekatala," akasema.

Haki ya nani, siku hiyo nilimtukana mume wangu. Nilimwambia fadhila za punda ni mashuzi. Nilimwambia amemfukuza mama yangu mara ya pili. "Lakini sina hasira naye," akasema. "Basi ungekula kuku!" Akafikiri, kwa ule utaratibu wake wa kugeuza gari zima. Akasema kama angekula, ingekuwa kukiri kwamba mama amekosa, na mama hakukosa, alitaka kumsaidia mtoto. Hawezi kumfanya mwanamke mzee alipie kosa ambalo si kosa. Tena, akasema akitazama sakafu, yeye ndiye mwenye aibu. Mtu wa umri wake, kushindwa kulala kwa ajili ya vitu vya plastiki.

Alikuwa na haki. Na mama alikuwa na haki. Maonyesho ya chama chao yakapita, hakwenda. Aliviweka vyote kwenye boksi la ndizi na kulipeleka stoo ya chini. Nilikwenda Rinkeby kila nilipoweza kumwomba mama arudi, na kila mara aliniuliza swali moja tu: "Amekula?" Nilipomweleza habari ya yule baba wa reli na bendera yake, alisema, "Kumbe alikuwa anamwoshea baba yake jina, nami nikaja na sabuni yangu." Akaanza kulia, na sijawahi kumwona mama akilia kwa ajili ya mwanamume, hata siku ya kumzika baba.

Nilimwambia mume wangu maneno hayo. Akaanza kuuliza. Aliuliza mila zetu kama mtu anayesomea mtihani, akataka kujua kila kitu: mkwe akae wapi, atazame wapi, aondoke lini. Huko Rinkeby naye mama Mkongo alikuwa akimfundisha mama mambo ya Uswidi: kwamba huku baba huingia chumba cha kuzalia, amesomea, ni haki yake, na mwanamume aliyefungiwa nje siku hiyo hubaki na kidonda. Mimi katikati nilisema moyoni, Mungu wangu, hatimaye wanaelewana. Mama alikubali kuja hospitalini. Nyumbani hapana, lakini hospitali si nyumba ya mkwe.

Uchungu ulinianza asubuhi nikifunga kamba za viatu. Mume wangu alinipeleka, alinishika mkono, alinipumulia pumzi za darasani huku nikimwambia anyamaze. Mchana mkunga akaja kusema kuna mama mzee amefika, ameketi kwenye korido. Mume wangu akasimama papo hapo. Uso wake ulikuwa unang'aa. "Sasa naelewa," akasema. "Mama hawezi kuingia mimi nikiwa humu. Ninatoka." Akanibusu paji la uso akatoka, na mimi nikageukia mlango kumngoja mama.

Mama hakuingia.

Nilingoja. Maumivu yakaja, yakaenda, yakarudi na ndugu zake. Nikamwambia mkunga, mwite mama yangu. Akatoka. Akarudi peke yake, amepigwa na butwaa. Yule bibi, akasema, anaonyesha kidole kwa mumeo. Mumeo anaonyesha kidole kwa bibi. Wameketi kwenye benchi moja, huyu ametazama ukuta huu, huyu ule. Kila mmoja anasema mwenzake ndiye aingie. "Ni watu wenye adabu sana," mkunga akasema.

Niliita. Niliita "Mayi!" vile tunavyoita mama kwetu, kwa sauti ambayo nadhani iliteremka hadi kwenye treni. Baadaye walinieleza, kila mmoja kwa wakati wake, vile ilivyokuwa huko nje. Mama alisikia akasimama. Mume wangu alisikia akasimama. Mama akaona mkwe amesimama, akajua anataka kuingia, akaketi. Naye akaona mama ameketi kwa sababu yake, akaketi. Nilipoita tena wakasimama tena.

Halafu wakabaki wameketi, na mama, asiyejua afanye nini na mikono yake, akakumbuka mfuko. Mtu wa kwetu haendi hospitali mikono mitupu. Alikuwa amekuja na kuku kwenye bakuli la kufunika, kwa ajili yangu, nile nikishajifungua. Akalisukuma lile bakuli juu ya benchi, kinyumenyume, bila kugeuka, hadi likagusa paja la mkwewe. Mume wangu aliniambia alikuwa na "haina haja" tayari mdomoni. Lakini mama alikuwa amempa mgongo, na utamkataliaje mtu asiyekutazama? Alikuwa hajala tangu jana yake. Akafungua. Akala kwa vidole, akala shingo, akala firigisi bila kujua ni nini, akajilamba. Mama alimsikia akitafuna, akasema kimoyomoyo, yamekwisha, ahsante Mungu.

Upande wa pili wa ule ukuta nilikuwa nimepiga magoti nimeuma shuka, ninawatukana wote wawili kwa Kiluhya, Kiswahili na Kiswidi, mkunga ambaye hata jina lake silijui akinishika kiuno. Niliona aibu ambayo sijaona tena maishani. Aibu ya kuachwa na watu wasiokuacha. Mkunga aliniuliza kama kuna ugomvi nyumbani, kwa ile sauti wanayotumia wakitaka kuita ofisi ya ustawi wa jamii, nami kati ya maumivu nikawa natikisa kichwa, hapana, hapana, wananipenda.

Mtoto akatoka, msichana, akalia. Mkunga akafungua mlango. Harufu ya kuku ikaingia kabla ya mtu yeyote. Akaniuliza nani aje kwanza.

"Wote," nikasema. "Kama hawawezi kutazamana, waje wanitazame mimi."

Mume wangu aliingia akikwepesha macho, mkono umeziba upande wa uso kama mtu aliyepigwa na jua, midomo inang'aa mafuta. Mama akaingia kinyumenyume, hatua kwa hatua, mgongo wake ukija kwangu, hadi visigino vikagonga kitanda. Akanyoosha mkono nyuma, akanitafuta kwa kupapasa, bega, shingo, kiwiko, hadi akakipata kiganja changu.

Nikaushika ule mkono. Kazi niliyomwitia ilikuwa imekwisha.